Ijue Bei Yako Kabla Mteja Hajaiuliza: Somo kwa Wasanii Wanaojitayarisha kwa Maonyesho

Kuanzia Julai wageni huanza kuongezeka Diani, na Disemba wenzetu wa Nairobi na bara huteremka kwa likizo. Huo ndio wakati wa masoko ya sanaa na maonyesho. Mwenye kusuka Kinango, mwenye kuchonga Msambweni na mwenye kuchora Ukunda wote hutazamia siku hizo mbili tatu zinazoweza kulipa karo ya muhula mzima. Wapo wanaorudi na pesa. Wapo pia wanaorudi na mzigo walioondoka nao, na deni la kibanda juu yake. Tofauti yao mara nyingi huanza nyumbani, wiki kadhaa kabla ya meza kutandikwa. Somo hili linaeleza matayarisho hayo.

Anza na jina lako

Wamakonde wa Kwale wanasifika kwa uchongaji. Wazee wao walikuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, lakini wao na watoto wao wakaishi miaka mingi bila vitambulisho. Asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti benki, na safari ya kupeleka kazi yake sokoni huwa ya wasiwasi. Mtu kama huyo hulazimika kumwachia dalali kazi yake kwa bei anayoitaka dalali. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao. Baada ya hapo wakapewa vitambulisho, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 nchini.

Funzo kwa kila msanii ni kwamba jina ni mtaji. Kabla ya maonyesho hakikisha kitambulisho chako kipo na nambari yako ya kulipiwa kwa M-Pesa inafanya kazi. Kama mko kikundi, kuweni na cheti cha usajili na akaunti ya kikundi. Muulize mwandalizi wa maonyesho ni vibali gani vya biashara vinavyotakiwa, na kama ada ya kibanda imevijumuisha.

Weka jina lako kwenye kazi pia: chini ya kinyago, nyuma ya picha, ndani ya mkoba. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda kazi yako ya sanaa tangu unapoikamilisha, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Piga picha ya kila kazi na uandike tarehe. Ukitaka ushahidi wenye nguvu zaidi, sajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

Hesabu ya bei

Hapa ndipo wengi huumia. Mteja anauliza, "Bei ya mwisho ngapi?" na msanii anajibu kwa kutazama uso wa mteja badala ya daftari lake. Tuchukue mfano wa mkoba wa ukili. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, weka zako.

Milala na rangi: shilingi 250.
Uzi na mishikio ya ngozi: shilingi 200.
Kazi ya siku mbili, shilingi 500 kwa siku: shilingi 1,000.
Sehemu ya gharama za maonyesho: shilingi 200.

Hiyo ya mwisho imepatikana hivi: kibanda, nauli na chakula vimegharimu shilingi 6,000, na umebeba mikoba 30. Kila mkoba unabeba shilingi 200. Jumla ni shilingi 1,650. Ongeza faida ya asilimia 20, yaani shilingi 330, upate 1,980. Andika shilingi 2,000.

Sasa una nambari mbili: 2,000 ni bei yako, na 1,650 ni sakafu yako. Kati ya hizo unaweza kuzungumza na mteja kwa moyo mkunjufu. Chini ya sakafu, unamlipa mteja achukue mkoba wako.

Tazama upande wa pili. Dalali akija nyumbani akakupa shilingi 900 kwa mkoba huo, toa shilingi 450 za vifaa. Unabaki na 450 kwa siku mbili, yaani shilingi 225 kwa siku. Pengine siku hiyo una shida na utakubali. Lakini ukubali ukijua ulichotoa.

Duka la hoteli au jumba la sanaa nalo huweka fungu lake. Likikata asilimia 40 ya shilingi 2,000, unabaki na 1,200, ambazo hazifiki hata 1,450 za vifaa na kazi. Ukiuza huko kwa shilingi 2,500, fungu lao ni 1,000 na lako ni 1,500. Kwa hiyo uliza fungu lao kwanza, ndipo utaje bei.

Kazi ya kubeba na ya kuacha

Beba bidhaa za bei tatu. Ziwepo ndogo ambazo mtu hununua bila kufikiri sana, kama vishikio vya funguo. Ziwepo za kati. Na iwepo kazi moja au mbili kubwa za kuwasimamisha wapita njia. Mgeni anayeondoka kwa ndege ndogo ya Ukunda ana kikomo cha mizigo, hivyo picha inayoweza kukunjwa au kinyago kinachoingia mkobani humrahisishia uamuzi.

Wachongaji, kausheni mbao vizuri. Mti uliochongwa ukiwa mbichi hutulia katika hewa yetu ya pwani yenye unyevu, kisha hupasuka ukifika Nairobi au Ulaya. Ukaushe kivulini, polepole, na upake nta kwenye ncha ambako hupasukia. Mpingo nao una sharti lake: tangu Januari 2017 jamii yake yote, Dalbergia, imo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na mzigo mkubwa unaovuka mpaka huhitaji kibali. Mwarobaini hukua haraka, huchongeka vizuri na unapatikana kwetu kwa wingi. Popote unaponunua mti, hifadhi risiti.

Kuna vitu ambavyo havifai kuwekwa mezani hata kidogo. Magamba ya ng'amba na pembe za ndovu ni marufuku. Matumbawe na kombe zisichukuliwe katika hifadhi ya Kisite-Mpunguti, na mteja anayebeba vitu vya aina hiyo anaweza kuzuiliwa uwanja wa ndege. Vitu vya kaya pia haviuzwi, wala mti wa kaya haukatwi. Misitu ya kaya za Wamijikenda, Kaya Kinondo ikiwemo, iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Vigango viwili vilivyoibwa Kilifi miaka ya 1980 viliishia katika makumbusho za Marekani, na ilichukua hadi 2007 kuvirudisha. Tusiwe sisi wa kuanzisha safari nyingine kama hiyo.

Siku yenyewe

Fika mapema uone jua linapopiga na upepo unapotoka. Kusi ikivuma huangusha picha, kwa hiyo beba kamba, vibanio na mawe. Tandika leso ya rangi moja au kitambaa kisichoshindana na kazi zako. Inua baadhi ya bidhaa hadi usawa wa macho. Kilicho chini mchangani hudhaniwa ni cha bei rahisi.

Andika bei kwenye kila kazi. Wageni wengi huona haya kuuliza, hupita tu. Kando ya bei weka kikaratasi chenye jina lako, kijiji chako, kifaa ulichotumia na nambari ya simu. Mteja akiuliza, mweleze kwa maneno machache ya kweli: milala imetoka wapi, rangi imepikwa vipi, ukili umechukua siku ngapi. Usibuni hadithi za mizimu ili kuuza.

Beba chenji, betri ya akiba ya simu, daftari, na magazeti ya kufungia. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, basi tayarisha ya karatasi au ya kitambaa.

Mwenye duka akitaka mikoba 20, usiseme "wiki moja" kwa furaha. Mikoba 20 kwa siku mbili kila mmoja ni siku 40 za mtu mmoja, au siku 10 za wasusi wanne. Hesabu, taja tarehe unayoweza kuitimiza, omba malipo ya awali ya kununulia vifaa, na muandikiane.

Saa za mwisho za siku ya mwisho ndizo ngumu. Umechoka, mzigo bado upo, na mtu anakupa nusu ya bei. Fungua daftari utazame sakafu yako. Kazi iliyobaki haijaoza. Yaweza kwenda maonyesho yajayo, kwa feri ya Likoni au kwa barabara ya Dongo Kundu. Ukiishusha leo hadi nusu, jirani yako wa kibanda naye atashushwa kesho.

Ukirudi nyumbani

Kabla ya wiki kuisha, andika kilichouzwa, kilichobaki, na maswali yaliyoulizwa zaidi. Watumie ujumbe mfupi wa shukrani walioacha nambari zao. Kisha toa gharama zote na uone siku yako ya kazi imelipwa shilingi ngapi. Hiyo ndiyo nambari ya kukuongoza msimu ujao.

Mkaazi anayehitaji msaada wa kusajili kikundi, kupata kibali cha biashara au kujua tarehe za maonyesho afike katika afisi ya msimamizi wa wadi yake au afisi ya utamaduni ya kaunti ndogo. Aje na kitambulisho chake, picha za kazi zake na daftari la hesabu.