Kupumua Hewa Hakutoshi: Funzo la Samaki Mpiganaji

Katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, mwanafunzi wa Muze amjua vema kambare. Dimbwi linapokaribia kukauka samaki wengine hufa, lakini kambare huendelea kuishi topeni, akija juu kuvuta hewa. Hivyo ni rahisi kudhani kwamba samaki apumuaye hewa hahitaji maji safi. Dhana hiyo ndiyo huwaua samaki wapiganaji wanaofugwa katika chupa.

Samaki mpiganaji (Betta splendens) asili yake ni Thailand, katika vinamasi na mashamba ya mpunga ambamo oksijeni ni haba. Juu ya matamvua yake mna kiungo kilichokunjamana, chenye mishipa mingi ya damu, ambacho hufyonza oksijeni ya hewa. Kambare ana kiungo cha kazi hiyo hiyo, chenye umbo la matawi ya mti. Samaki hawa si ndugu wa karibu. Shida moja imezaa viungo viwili mbalimbali.

Hata hivyo, matamvua yana kazi nyingine: kutoa amonia, ambayo ni taka ya protini. Ziwani amonia hutawanyika. Chupani hujilimbikiza na kuunguza matamvua na mapezi. Mlinganyo wake ni huu:

NH₄⁺ ⇌ NH₃ + H⁺

NH₃ ndiyo sumu kali, nayo huongezeka maji yanapokuwa ya alkali zaidi au yenye joto zaidi. Kwa sababu hiyo maji ya Ziwa Rukwa, yenye magadi, hayafai. Heri maji ya kijito kitokacho milimani.

Mfugaji na azingatie haya:

1. Aweke dume mmoja tu katika tangi la lita 10 au zaidi. Madume wawili hupigana.

2. Maji yatulie, na mawe yasiwe na ncha. Mapezi marefu ni matokeo ya uchaguzi wa wafugaji. Samaki wa asili ana mapezi mafupi. Mapezi marefu huchanika upesi, na mkondo humchosha samaki.

3. Abadili robo ya maji kila wiki, wala asioshe changarawe kwa sabuni. Humo huishi bakteria wageuzao amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo sumu yake ni hafifu. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza siku nzima katika ndoo iliyo wazi.

4. Joto la maji liwe kati ya nyuzi 24 na 28 za Sentigredi. Sumbawanga, kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, usiku wa Juni na Julai huhitaji kipasha maji. Tangi lifunikwe, nafasi ya hewa ikibaki juu ya maji.

5. Chakula kiwe kidogo. Viluwiluwi vya mbu vyafaa, mradi viliwe vyote.

Samaki huyu kamwe asiachiliwe kijitoni. Ziwa Rukwa halina mto wa kutokea, na lina samaki wasiopatikana penginepo. Mgeni akishazaliana humo, hakuna wa kumwondoa.

Zoezi

(a) Hesabu mara ambazo samaki huja juu kwa dakika 10, asubuhi na alasiri, ukipima joto la maji. Eleza tofauti uionayo.

(b) Kwa nini kuongeza hewa tu hakumwokoi samaki aliyedhurika kwa amonia?