Tableti Inayogeuka Laptopu: Piga Hesabu Hii Kabla Hujaweka PIN

Nilipokuwa karibu kumaliza chuo nilinunua tableti ya kuchomeka kibodi, ile inayoitwa mbili-kwa-moja. Niliona picha yake mtandaoni: skrini nyembamba, kibodi ya rangi ya samawati, kalamu pembeni. Nikalipa kwa simu nikiwa bado kwa matatu, ili nifike dukani nichukue tu. Nilipofungua boksi, kibodi haikuwemo. Muuzaji akaniambia kwa upole kabisa, "Customer, hiyo ni ya kununua kando." Pesa ilikuwa imeshaenda, na mimi nilikuwa na skrini ambayo siwezi kuandikia ripoti ya attachment.

Kosa lilikuwa langu, na ndilo kosa tunaloona wateja wengi wakifanya. Bei unayoiona kwenye tangazo mara nyingi ni ya skrini peke yake. Kwa hivyo somo la leo ni moja: piga hesabu ya kifaa kizima, kijaribu kwa kazi yako mwenyewe, halafu ndio ulipe.

Kwanza, jua unachonunua

Kuna aina mbili ambazo watu huchanganya. Ya kwanza ni laptopu ambayo skrini yake inazunguka hadi mgongoni, lakini kibodi haitoki. Ya pili, ambayo ndiyo tunaizungumzia hapa, ni tableti kamili inayoshikana na kibodi kwa sumaku. Ukivuta, zinaachana.

Hii ya pili ina jambo ambalo halionekani kwenye picha. Kila kitu cha maana, yaani betri, prosesa na hifadhi, kiko nyuma ya skrini. Kibodi ni kava tu yenye vitufe. Matokeo yake ni mawili. Uzito wote uko juu, kwa hivyo kifaa kinasimama kwa stendi ya mgongoni. Kwenye meza ni sawa, kwenye mapaja ndani ya matatu kinayumba. Pia, nyingi za bei ya chini hazina feni. Hazipigi kelele, lakini ukizipa kazi nzito kwa muda mrefu zinapata joto na kupunguza kasi ili zisiungue.

Chukua mfano wa Microsoft Surface Go ya kwanza, iliyotoka mwaka 2018 na ambayo bado utaipata kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika. Ina skrini ya inchi 10 na uzito wa takriban nusu kilo, rahisi sana kubeba. Lakini tangu siku ya kwanza kibodi yake iliuzwa kando. Toleo la chini lina RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. RAM hiyo imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, kwa hivyo hakuna fundi wa kukuongezea baadaye. Betri nayo imegandishwa ndani kwa gundi, na kuifikia lazima skrini ing'olewe.

Linganisha na Lenovo IdeaPad Duet Chromebook ya mwaka 2020. Hiyo iliuzwa na kibodi ndani ya boksi. Lakini ina tundu moja tu la USB-C, na haina tundu la kawaida la earphone. Ukiwa unachaji, huwezi kuchomeka flash bila kununua kiunganishi cha matundu mengi. Zote mbili ni mbili-kwa-moja, lakini gharama iliyojificha ya kila moja iko mahali tofauti.

Pili, andika kazi tatu

Usiulize, "Hii ni machine poa?" Uliza, "Itafanya kazi zangu tatu?" Chukua karatasi uandike kazi tatu ambazo utazifanya kila wiki. Halafu angalia mfumo unaoendesha kifaa, kwa sababu hapo ndipo wengi huumia.

- Android au iPadOS: Ni simu kubwa. Inafaa kusoma, kuchora, kufuatilia oda za WhatsApp, kufanya Zoom na kuandika barua fupi.
- ChromeOS: Inafaa kama kazi yako iko kwenye brauza: Google Docs, barua pepe, masomo ya mtandaoni. Ukiwa na bando ndogo, fikiria mara mbili.
- Windows: Inapokea programu za kompyuta za kawaida, lakini inahitaji nguvu zaidi. GB 4 za RAM zitakuchosha, tafuta 8.

Nikupe mfano wa hapa nyumbani. Ukijaza ritani ya KRA kwa ile fomu ya Excel ya iTax, lazima uwashe makro. Excel ya tableti ya Android au iPad haiendeshi makro. Excel kamili ya kompyuta haipo kwenye ChromeOS. Kwa hivyo mtu anayewafanyia wateja ritani cyber anaweza kununua tableti nzuri sana, halafu agundue mwezi wa sita, foleni ikiwa mlangoni, kwamba fomu haifunguki. SPSS ya mwanafunzi na programu za hesabu za duka zilizotengenezwa kwa Windows ni vivyo hivyo.

Kuna jambo jingine la Windows. Baadhi ya vifaa hivi, Surface Go ikiwemo, vilitoka kiwandani vikiwa katika hali ya S, ambayo inakubali programu za duka la Microsoft pekee. Kuitoa ni bure, lakini ukishaitoa hurudi nyuma.

Tatu, angalia umri wake

Soko letu lina vifaa vingi vilivyotumika Uingereza na Marekani, na si vibaya. Lakini kifaa kinaweza kuwa safi kwa macho na kiwe kimefika mwisho. Muda wa kawaida wa apdeti za bure za Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Surface Go ya kwanza haiko kwenye orodha ya vifaa ambavyo Microsoft inaruhusu kupanda hadi Windows 11, Surface Go 2 iko. Majina yanafanana, na kwenye meza ya duka zinafanana pia. Tofauti ni namba moja.

Chromebook nazo, kila modeli ina tarehe ambayo apdeti zake zitakoma. Unaipata kwenye mipangilio ya kifaa chenyewe au kwenye tovuti ya Google. Kama imebaki mwaka mmoja, bei iseme hivyo.

Kwa nini kampuni ya malipo inajali apdeti? Kwa sababu kifaa hicho ndicho utakachofungulia barua pepe, akaunti za benki na ripoti za Till yako. Kifaa kisichopata marekebisho ya usalama ni kama duka lenye kufuli ambayo ufunguo wake umeshasambaa mtaani.

Nne, hesabu ya kifaa kizima

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tufungue daftari. Bei hizi ni za mfano tu, weka zako:

- Tableti kwenye tangazo: Sh27,000
- Kibodi inayotoshea modeli hiyo: Sh5,500
- Chaja yake: Sh1,800
- Kiunganishi cha matundu: Sh1,500
- Kava na glasi ya kukinga skrini: Sh1,200
- Jumla: Sh37,000

Ile "ya 27" imeongezeka elfu kumi. Sasa uliza swali gumu: kwa Sh37,000, laptopu ya kawaida iliyotumika ingekupa nini? Mara nyingi ingekupa kibodi isiyoyumba, RAM zaidi, na betri ambayo fundi anaweza kubadilisha. Kama hutachora, hutasoma ukiwa umesimama, wala kumuonyesha mteja bidhaa uso kwa uso, pengine unalipia sumaku ambayo hutaitumia. Kama utafanya hayo kila siku, basi inastahili.

Kumbuka pia kwamba kibodi hazibadilishani ovyo. Ya modeli moja inaweza isiingie kwa nyingine hata kama kampuni ni moja. Ulizia bei ya kibodi kabla hujauliza bei ya tableti.

Tano, je, ulipe polepole?

Tuseme kifurushi hicho hicho cha Sh37,000 unapewa kwa mkopo: deposit Sh9,000, halafu Sh130 kila siku kwa siku 365. Sh130 inaonekana ni chapati na chai. Lakini zidisha: 130 mara 365 ni Sh47,450. Ongeza deposit, unafika Sh56,450. Umelipa Sh19,450 zaidi ya bei ya kash.

Sasa geuza. Ukiweka ile Sh9,000 kwenye akiba iliyofungwa, na kuongeza Sh130 ile ile kila siku, utafika Sh37,000 baada ya siku 216, kama miezi saba. Maana yake Sh19,450 ni bei ya kutosubiri miezi saba.

Je, ni ghali? Inategemea. Igawanye kwa saba, unapata karibu Sh2,780 kwa mwezi. Kama kifaa kitakuingizia faida zaidi ya hiyo kila mwezi, labda kwa kuandika CV za watu au kuchukua oda, mkopo una maana. Kama ni cha kutazama filamu, subiri. Na kama unakopa, hakikisha anayekukopesha anajulikana: Benki Kuu ya Kenya ilianza kuwapa leseni wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na orodha iko kwenye tovuti yake. Uliza pia kitatokea nini ukikosa kulipa siku tatu. Vifaa vingi vya mkopo hujifunga, na kazi yako hufungwa navyo.

Sita, dakika kumi dukani

Usione haya. Muuzaji mzuri atakuvutia kiti. Fanya haya:

1. Keti, weka kifaa mapajani, andika aya nzima. Bonyeza kila kitufe.
2. Chomoa na uchomeke kibodi mara tano. Ikikataa hata mara moja, hiyo ni dalili.
3. Fungua kurasa sita za brauza pamoja na WhatsApp. Angalia kama inakwama.
4. Chomeka chaja. Angalia kama inachaji kweli, na kama skrini imevimba pembeni. Kuvimba ni betri.
5. Angalia hifadhi iliyobaki. Kati ya GB 64, Windows yenyewe inakula sehemu kubwa.
6. Omba kifaa kifutwe kabisa, kiunganishwe na waifai ya duka, kisha ingia kwa akaunti yako.

Hiyo ya sita wengi huiruka, na ndiyo ya muhimu zaidi kwa vifaa vya ng'ambo. Baadhi vilikuwa mali ya shule au kampuni, na bado vimesajiliwa kwao. Vinaonekana sawa leo, lakini siku utakapovifuta, vinadai akaunti ya mwenye navyo wa zamani. Kikipita mtihani huo mbele yako, ni chako.

Saba, sasa lipa

Tunakuomba ulipe mwisho, na kuna sababu. Malipo yakishatoka, tunaweza kuthibitisha kwamba yamefika. Hatuwezi kuthibitisha kwamba kibodi ilikuwa ndani ya boksi.

- Lipa kwa Till au Paybill ya duka. Ukiambiwa "tuma kwa hii namba ya kijana wangu", simama kidogo.
- Soma jina la biashara linalotokea kabla ya kuweka PIN. Lifanane na la risiti.
- Usitume pesa ya "kushikilia" kifaa ambacho hujakigusa, hata kama unaambiwa kuna watu watano wanakitaka.
- Risiti iandikwe modeli kamili, namba ya siri ya kifaa, kila kitu kilichomo pamoja na kibodi, na muda wa waranti.
- Usifute meseji ya malipo. Ile kodi ya muamala ndiyo ushahidi wako wa kwanza mkikosana.
- PIN ni yako. Hakuna muuzaji, wala sisi, anayehitaji kuijua.

Mimi nilinunua kibodi yangu wiki tatu baadaye, kwa pesa niliyokuwa nimeweka ya nauli ya attachment. Ilifanya kazi vizuri, na nyingi ya ripoti zangu nimeziandikia hapo. Lakini hizo wiki tatu niliandika kwa kidole kwenye glasi, ukurasa baada ya ukurasa, huku naendelea na hesabu ambayo ningeifanya kwa dakika kumi. Wewe ifanye leo, ukiwa bado na pesa yako mfukoni.