Nyama iliyopigwa mionzi: Je, vijidudu huzidi ukali?

Katika baadhi ya nchi nyama hupigwa mionzi ili kuua vijidudu kama salmonela. Marekani iliruhusu jambo hilo kwa kuku mwaka 1990, na kwa nyama ya ng'ombe mwaka 1997. Wapo wanaouliza: vijidudu vitakavyonusurika, si vitarudi vikiwa vikali zaidi?

Hofu hiyo haina msingi. Mionzi hukata chembe za urithi ndani ya kijidudu, kikashindwa kuzaliana. Utafiti haujaonyesha kuwa vinavyosalia huongezeka ukali. Nyama nayo haibaki na mionzi. Mwaka 1980 jopo la wataalamu wa FAO, IAEA na WHO lilikubali kuwa chakula kilichopigwa kiasi kisichozidi kilogrei 10 ni salama kuliwa.

Hatari iko kwingine. Vipo vijidudu viitwavyo stafilokokasi, vinavyokaa puani na kwenye vidonda vya mikono. Vikipata nafasi ya kuzaliana katika chakula hutoa sumu. Sumu hiyo haiondolewi na mionzi, wala haiishi kwa kuchemsha. Mlaji hutapika na kuharisha ndani ya saa chache, ingawa nyama ilipashwa moto vizuri.

Kwa ndugu zetu wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, somo ni hili. Ng'ombe wa Idi akichinjwa Mbinga, kwenye baridi ya milimani, nyama ikateremshwa Mbamba Bay au Liuli, inaingia kwenye joto. Kijidudu kimoja kikigawanyika kila dakika 20, baada ya muda wa saa 6 vitakuwa 262,144.

Basi zingatia haya:

1. Mwenye kidonda mkononi au jipu asikate nyama.
2. Nawa mikono kwa sabuni, osha kisu na ubao.
3. Funika nyama, isafirishwe mapema asubuhi.
4. Ipike hadi iive ndani kabisa. Moto huua vijidudu kama mionzi inavyoua.
5. Nyama iliyopikwa isikae nje zaidi ya saa 2. Iliyolala nje bila jokofu usiile, hata kama hainuki.

Fungu la jirani ni haki yake. Mpelekee mapema, likiwa bado salama.