SOMO LA WIKI: Pengo la Maudhui Katika Minada ya Mbwemkuru

Vijana wengi wenye simu huanza kutengeneza maudhui kwa vichekesho au mpira. Soko hilo limejaa. Katika bonde la Mbwemkuru, upande wa Ruangwa na Nachingwea, lipo pengo ambalo wachache wameliona, nalo ni minada ya mazao.

Ufuta, mbaazi na korosho huuzwa huko kwa stakabadhi ghalani, kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Baada ya mnada, bei ya juu husambaa upesi. Kinachokosa msemaji ni makato. Tuchukue mfano wa kukisia: mnada ukifunga kwa shilingi 3,000 kwa kilo na makato yakawa 200, mwenye tani moja hapokei milioni 3 bali milioni 2.8. Aliyekopa pembejeo kwa hesabu ya milioni 3 amekwisha kuumia. Mtayarishaji atakayeichambua hesabu hiyo kila wiki, kwa lugha ya mkulima, atasikilizwa. Na wauzaji wa magunia, salfa na usafiri ndio watakaomlipa matangazo.

Wapo watakaosema soko hilo ni dogo mno. Mradi wa karanga wa Waingereza, Nachingwea ikiwamo, ulianza mwaka 1947 kwa ukubwa wa kutisha, bila kuijua vema ardhi wala mvua; mwaka 1951 ukaachwa.

Aidha, minada ina misimu. Ufuta huanza katikati ya mwaka na korosho hufunguliwa Oktoba. Baada ya hapo mapato hukauka kwa miezi kadhaa, na akiba ya miezi hiyo itengwe kabla ya kununua kamera.