Seva ya Nyumbani Inaonekana Lakini Haitoki Nje: Tuanze na Geti



Safari hii nimeombwa niandike kitu cha kompyuta kitakachomfaa kila mtu, siyo sisi wa uhandisi peke yetu. Nimechagua seva ya kuhifadhia mafaili, kile kiboksi chenye diski mbili ambacho nyumba nyingi za wanafunzi zinacho sebuleni kando ya ruta. Humo ndimo zimo tasnifu, data za utafiti na picha za harusi za ndugu zetu. Ina ugonjwa mmoja mbaya kwa sababu hauumi: ndani ya nyumba kila kitu kinafunguka, kumbe seva haitoki nje.

Geti ni nini hasa? Ukiwa nyumbani, kutoka chumba hadi chumba hupiti getini. Ukitaka kwenda dukani, lazima upite. Mtandao nao ni hivyo hivyo. Laptopu yenye anwani 192.168.1.20 na seva yenye 192.168.1.50 ziko ua mmoja, zinaongea moja kwa moja. Anayeamua nani ni wa ndani ni ile namba 255.255.255.0, ambayo maana yake ni kwamba mafungu matatu ya mwanzo ya anwani yakifanana, huyo ni wa humu humu. Wengine wote wanafikiwa kupitia geti, yaani anwani ya ruta. Kwa hiyo geti likiandikwa vibaya, wewe unayefungua mafaili ukiwa sebuleni hutahisi chochote.

Sasa, hapa Uingereza sisi ni watu wa kuhama na kubadilisha kampuni ya intaneti kila mara. Nyumbani kwetu ruta ya zamani ilikuwa 192.168.1.1. Ikaja kampuni nyingine na ruta inayotumia 192.168.1.254. Ua ni ule ule, geti limehamia upande mwingine. Seva ilikuwa imeandikiwa anwani zake kwa mkono na mpangaji aliyetutangulia, basi ikaendelea kugonga geti ambalo halipo. Dada mmoja tunayeishi naye, yuko kwenye PhD, ana rekodi za mahojiano alizofanya Kisumu, na kila usiku nakala ilitakiwa iende kwa kaka yake Nairobi. Wiki tatu haikwenda hata faili moja. Mtu atauliza, seva si hutuma barua pepe ikishindwa kazi? Hutuma, lakini barua pepe nayo inapita geti lile lile! Mgonjwa na mpiga simu ya daktari ni mtu mmoja.

Kupima hakuhitaji fundi. Ingia kwenye seva kwa SSH, andika ip route (kwenye TrueNAS CORE, ambayo zamani iliitwa FreeNAS, andika netstat -rn). Tafuta mstari unaoanza na neno default. Namba inayofuata ndiyo geti linalotumiwa na seva. Halafu nenda kwenye laptopu ambayo intaneti inafanya kazi, angalia geti lake. Kwenye Windows ni ipconfig. Namba mbili hizo zisipolingana, umeshampata mwizi.

Kisha pingi kwa mpangilio, usiruke. Pingi laptopu ya ndani, pingi ruta, pingi 8.8.8.8, mwisho pingi jina lolote la tovuti. Na usome majibu, jamani, usitazame tu kama imekubali au imekataa. Kwenye seva za Linux, "Network is unreachable" kwa kawaida inakuambia seva haina geti kabisa. "Destination Host Unreachable" inayotoka kwenye anwani ya seva yenyewe inakuambia geti limeandikwa, ila huko hakuna anayeitika. Yetu ilikuwa hii ya pili.

Tulipoweka 192.168.1.254, namba 8.8.8.8 ikajibu lakini majina yakakataa. Watu wengi hapa hukata tamaa wakarudisha mipangilio ya zamani. Bado kidogo tu: DNS, yaani anayegeuza majina kuwa namba, naye alikuwa ameandikwa 192.168.1.1. Geti na DNS ni sehemu mbili tofauti, na mara nyingi zinaharibika siku moja.

Kama seva yako ina matundu mawili ya waya, weka geti kwenye moja tu. Mawili yakigombana utapata mtandao wa leo upo, kesho haupo.

Mimi binafsi sipendi kuandika anwani kwa mkono. Acha seva ichukue anwani yenyewe kwa DHCP, halafu ndani ya ruta uiwekee ile ile daima. Ruta ikibadilishwa, geti na DNS mpya vinakuja vyenyewe. Kinachobaki ni kuiwekea seva anwani yake upya kwenye ruta mpya.

Jambo moja la hatari. Kuna rafiki atakushauri ufungue milango ya ruta ili seva "ipate intaneti". Kataa. Hiyo ni njia ya watu wa nje kuingia, haihusiani na seva kutoka. Januari 2022 kirusi cha DeadBolt kilivamia seva za QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti, kikafunga mafaili ya watu na kudai bitcoin 0.03 kwa kila mmoja.

Ukishamaliza, usitosheke na pingi. Anzisha nakala moja kwa mkono, umwombe aliye upande wa pili aifungue faili. Kisha kwenye sehemu ya taarifa za seva bonyeza kitufe cha barua pepe ya majaribio, usubiri mpaka uione kwenye simu yako.