Taa Zinafifia, Stata Inasinzia? Pima Kabla ya Kununua

Asubuhi, umechelewa kazini, Corolla yako ya mwaka 1995 inalia "tik-tik" tu. Kila mpita njia ni fundi: "Betri hiyo!" Ngoja kwanza. Betri husingiziwa mengi.

1. Nunua mita, si betri

Mita ya kupimia umeme ni rahisi kuliko betri. Iweke kwenye DC, volti 20, upime kabla ya kuwasha gari. Ikisoma 12.6, betri imeshiba. Ikisoma 12.2, imebaki kama nusu. Chini ya 12 ina njaa, na njaa si kifo! Ichaji kwanza ndipo uihukumu.

2. Washa, pima tena

Injini ikiunguruma, tarajia 13.8 hadi 14.5. Ikiganda kwenye 12 au kuzidi kushuka, altaneta haichaji. Zima injini (vidole bado tunavihitaji) ubonyeze mkanda wake. Pengine umelegea tu. Ikipita 15, regyuleta imeharibika: balbu zitaungua, na betri itachemka na kunuka kama yai viza.

3. Magadi si ya makande tu

Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri unazuia umeme. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Sugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya moto yenye magadi, yasiingie ndani ya betri. Suuza, kausha, rudisha chanya kwanza, kaza.

4. Ethi, ethi, ethi!

Hapa ndipo magari ya zamani yanapotuzungusha. Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi, na hurudi kwa ethi, yaani waya mnene unaounganisha hasi ya betri, bodi na injini. Miaka thelathini ya matope, na chumvi ya bahari kama uko Tanga au Mombasa, kutu inajipenyeza chini ya bolti. Kisha vituko: unakanyaga breki, indiketa inapepesa, unawasha taa kubwa, redio inakoroma. Si jini.

Gusisha ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, umeme unapotea njiani. Fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Gharama yake? Kipande cha msasa. Mimi huanzia hapa, ila ningekiweka kidokezo hiki namba 1 mngekimbia.

5. Mnase mwizi wa usiku

Jioni betri nzima, asubuhi maiti? Zima kila kitu, funga milango. Hamishia mita kwenye ampea 10, fungua waya wa hasi, uiweke katikati ya hasi ya betri na waya huo. Usipige stata, utaiunguza mita! Subiri dakika chache. Ikizidi ampea 0.05, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Mshukiwa wangu wa kwanza ni alamu iliyofungwa chapuchapu, wa pili taa ya buti.

6. Betri isichomolewe injini ikiwaka

"Tuichomoe tuone kama altaneta inafanya kazi." Fundi, tafadhali, ngoja! Bila betri, volti zinaweza kuruka ghafla zikaua daiodi za altaneta, hata kompyuta ya gari. Mwoneshe mita yako na kidokezo namba 2. Jibu ni lilelile, kwa sekunde tano.