Anza na kurasa nane

Mwalimu, naandika kutoka Lokichar, Turkana. Mimi ni kijana wa miaka 24, nauza kredo na kuchajia watu simu karibu na steji. Tangu kidato cha pili nimekuwa nikichora hadithi ya Nayece, yule bibi wa masimulizi ya Waturukana. Yangu haiishii kwa wazee: inaanza zamani na kufika siku za mafuta, Nayece akirudi kumuulizia fahali wake. Imefikisha kurasa 200 na kitu, zote kwenye daftari za shule. Nilimwandikia mchapishaji mmoja Nairobi, akanyamaza. Sasa kuna shirika limesema litanichapishia bure nikiongeza sehemu ya kunawa mikono na kutia sahihi kwamba michoro ni yao. Binamu yangu anasema nikikataa mimi ni mjinga. Nifanyeje?
Mchoraji wa Steji

Mchoraji, ejoka. Hiyo karatasi usiitie sahihi kwanza. Sababu nitakupa baadaye, maana shida yako naona haikuanza na shirika. Ilianza na kurasa 200.

Mchapishaji wa Nairobi kunyamaza hakumaanishi mchoro wako ni mbaya. Wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule. Katuni isiyopitia KICD, taasisi ya mitaala, ni kamari kwao, na ya mtu wasiyemjua ni kamari mara mbili. Waliojaribu wapo. Sasa Sema walianza Nairobi mwaka 1996 kutoa vitabu vya katuni kwa Kiswahili, na Abunuwasi aliyechorwa na mchora katuni Gado akawa miongoni mwa vya mwanzo. Kazi nzuri sana. Hata hivyo kampuni yenyewe mwishowe ilimezwa na Longhorn, mchapishaji wa vitabu vya shule. Ukitaka kungoja mlango huo, ngoja, lakini usingoje ukiwa umekaa bure.

Mtu ninayetaka umjue ni wa Kinshasa, anajiita Papa Mfumu'Eto. Mwaka 1990 alianza kuchora, kuandika na kutoa mwenyewe vijitabu vya katuni kwa Kilingala, kwenye karatasi duni, vikauzwa sokoni na mitaani. Hakuanza na historia ya taifa. Alianza na uvumi uliokuwa ukizunguka mjini: tajiri mmoja anageuka chatu na kummeza mwanamke. Watu waliking'ang'ania kijitabu hicho, na wengi wakamwona Rais Mobutu ndani ya yule chatu ingawa hakutajwa. Leo kumbukumbu za kazi zake ziko katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Zilifika huko baada ya wauza samaki wa Kinshasa kuzisoma kwanza.

Kwa hiyo toa kijitabu cha kurasa 8. Chukua karatasi 2 za A4, zikunje katikati, pachika moja ndani ya nyingine, piga stepla mbili mgongoni. Tayari una A5 yenye jalada mbele na nyuma na kurasa 6 za hadithi. Kabla hujachora chochote, kunja karatasi tupu hivyo hivyo na uzipe namba, kisha uzifungue. Utaona ukurasa wa 8 umelala pamoja na wa 1, wa 2 na wa 7, wa 6 na wa 3, wa 4 na wa 5. Wasiofanya zoezi hili hugundua kosa wakiwa wameshalipia nakala 100, na mwenye fotokopi hatakurudishia hata shilingi.

Sasa hesabu, ambayo wasanii huikwepa. Tuseme Lodwar wanakutoza shilingi 5 kwa upande kwa sababu unatoa nyingi kwa mpigo. Kijitabu kina pande 4, hiyo ni 20. Uza kwa noti moja ya 50, mtu asitafute chenji. Mwenye kibanda anayekushikia mzigo mpe 10. Unabaki na 20 kwa kila nakala, na nakala 100 zikiisha una pesa ya kutoa toleo la pili bila kumwomba mtu. Ukitozwa 10 kwa upande, karatasi zimekula 40 na biashara imekufa, kwa hiyo bei ya fotokopi ijue kabla ya kumaliza mchoro. Halafu ile kazi yako ya kurasa 200 ipigie hesabu hiyo hiyo: karatasi 50, pande 100, shilingi 500 kabla hujaona faida. Nani pale steji atatoa 500 anunue katuni na unga haujafika nyumbani? Wachapaji wa River Road, Nairobi, watakwambia ofseti ni rahisi zaidi. Ni kweli, ukichapa maelfu. Ukichapa 100, gharama ya pleti inakumaliza, bado hujalipia mzigo upande basi la Kitale.

Chora kwa wino mweusi. Penseli na vivuli vya kijivu fotokopi huvifanya uchafu. Ukichora kwenye A4 kisha ukapunguza hadi A5, kila kitu kinabaki asilimia 71, pamoja na maandishi, kwa hiyo herufi ziandike kubwa kuliko unavyodhani inatosha. Maneno yaandike kwanza, kiputo ukizungushe baadaye. Wanaoanza na kiputo huishia kubana herufi pembeni kama abiria wa matatu. Acha sentimita moja tupu kila ukingo, kwa maana mashine haichapi hadi mwisho wa karatasi.

Na hadithi? Usiikate ile ya 200 vipande vipande. Itoe tukio moja. Wewe uko Lokichar, na wachoraji wengi wangelitamani hilo. Mafuta yaligunduliwa kwenye kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012, malori yakaanza kuyapeleka Mombasa Juni 2018, na kabla mwezi haujaisha wenyeji walikuwa wameyazuia barabarani wakidai usalama. Mlete Nayece siku hiyo. Mwanamke mzee ametembea kutoka mto Tarach, anafika kwenye msururu wa malori yaliyosimama, anamuuliza dereva kama amemwona fahali. Hiyo ni kurasa 6 tayari, na hujaeleza mafuta ni ya nani. Msomaji atajiuliza mwenyewe.

Kuhusu Nayece, nenda kaketi na wazee hata kama unadhani unaijua hadithi. Kuna wanaoanza na fahali aliyepotea kutoka kwa jamii ya Wajie, kuna wanaoanza na matunda ya mwitu aliyokuwa akichuma, na kila mmoja atakuapia kwamba kilima cha Moru Anayece ndicho shahidi. Sikiliza zote. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, kwa hiyo Nayece mwenyewe si mali yako peke yako. Michoro yako na maneno unayomtia kinywani ndivyo vyako. Andika kwenye jalada la nyuma ni nani waliokusimulia, kama wamekuruhusu kuwataja.

Lugha, mimi ningeandika Kiswahili, na Nayece aseme Kiturukana bila tafsiri mabanoni. Msomaji wa Lokichar atacheka mahali pake. Na ukipeleka mzigo Kakuma, Wakongo na Warundi wengi walioko kwenye kambi ya wakimbizi watasoma Kiswahili chako bila shida. Soko hilo ni kubwa kuliko unavyolifikiria, nalo liko barabara hiyo hiyo.

Ila utakutana na kikwazo kimoja. Watu wetu wamezoea katuni ya bure. Shujaaz ilipoanza mwaka 2010 iligawiwa ndani ya Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa, na ilikuwa nzuri kweli, lakini gharama walilipa wengine. Mashirika nayo yamegawa vijitabu vya picha Turkana miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo utaambiwa, "Hii nayo ni ya kuuzwa?" Jibu ndiyo, bila aibu. Usigawe bure hata kwa binamu. Mwenye kusoma akiwa amesimama kibandani pako akingoja simu ijae chaji, mwache asome. Toleo linalofuata atanunua.

Turudi kwa shirika. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, michoro ni yako tangu ulipoichora, hujajisajili popote, na inabaki yako na ya warithi wako hadi miaka 50 baada ya kufa kwako. Kwenye bodi ya hakimiliki, KECOBO, unaweza kuisajili upate ushahidi, ni jambo zuri, lakini usajili sio unaokupa haki. Kinachoweza kukunyang'anya haki hiyo ukiwa hai ni karatasi yenye sahihi yako, na ndiyo hasa waliyokuletea.

Hata hivyo usiwafukuze. Kunawa mikono hakuna ubaya, na mchoraji hula. Waambie utawachorea kijitabu kingine cha kurasa 8 chenye mhusika mwingine, tuseme mbuzi mjuaji, kwa malipo, nusu kabla ya kuanza. Kwenye mkataba iandikwe kwamba unawaruhusu kuchapa nakala kadhaa kwa muda fulani kwa ajili ya kugawa, kwamba jina lako linabaki kwenye jalada, na kwamba mhusika ni wako. Nayece asitajwe popote kwenye karatasi hiyo, hata kwa mfano. Wakisema ni yote au hakuna, basi hakuna. Malipo yao yakija, yapeleke kwa mwenye fotokopi wa Lodwar.

Binamu yako muuzie nakala ya kwanza. Kwa 50, kama wengine.